Kisima cha Wenye Kazi Moja

Nilikwenda mzimuni nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikawa ngumu kama kadibodi, na kichwani nilikuwa na maombi niliyoyakariri wiki nzima. Nasema hili mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia. Mimi ni mtu wa kukariri. Nikienda kununua sukari, njiani narudia maneno nitakayomwambia mwenye duka. Nikimaliza kufunga tochi ya mteja, naifungua tena kuhakikisha kwamba nimeifunga vizuri, na nikishaifungua inabidi niifunge upya, na wasiwasi unaanza mwanzo.

Tochi ndiyo ilikuwa kazi yangu. Miaka ile ya dhahabu machimbo ya kwetu Tarime yalijaa watu wa kila upande, wengine wamevuka Sirari wakiwa na Kiswahili chao cha Kenya na ndoo zao mgongoni, na kila aliyezama duarani alihitaji mwanga. Duara ni shimo la kuchimbia. Tunaliita hivyo ingawa mengi ni ya mraba. Mchimbaji hufunga tochi pembeni mwa kichwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kisha hushuka kwa kukanyaga magogo yaliyopachikwa ukutani. Huko chini, kinachomtenga na giza ni springi, swichi na glopu, basi. Mimi nilitengeneza hivyo vitatu. Hakuna aliyenifundisha. Nyumbani Nyarero nilianza kwa kufungua redio ya baba akiwa shambani, nikaijua kwa kuiharibu. Baadaye nikapata kitabu cha Kiingereza cha mambo ya umeme, kurasa za mwanzo zimechanwa, nikaanzia katikati. Hadi leo nina wasiwasi kwamba jambo muhimu kuliko yote lilikuwa kwenye zile kurasa.

Kando ya kibanda changu kulikuwa na kibanda cha fundi mwingine wa tochi. Tuligawana ukuta mmoja wa mbao. Alikuwa mtu mzima aliyepita hamsini, Mwislamu, babu yake alitoka Pwani zamani na biashara ya vitambaa, lakini yeye alizaliwa Mugumu, Serengeti, na alisema Kikurya vizuri kuliko baadhi yetu. Watu walimpenda. Alikuwa na utani, hakupandisha bei, na tochi aliimaliza mteja akiwa bado anaangalia vumbi kwenye viatu vyake. Mimi nilimdharau. Risasi yake ya kulehemu ilidondoka hovyo kama nta ya mshumaa, waya ameuacha unaning'inia, skrubu moja imekosekana. Wateja wakiniletea tochi iliyopita kwake, nilikuwa naigeuzageuza kwenye mwanga ili waone kwamba nimeona.

Tena nilimwona ana majivuno. Kila asubuhi nilipita ubavuni mwa meza yake nikisema shikamoo, naye mara nyingi hakugeuka hata shingo. Siku nyingine nikitokea mbele yake, kuna watu, ananiitikia kwa furaha marahaba, mdogo wangu, umelalaje. Nikaamua kwamba huyu ananiitikia pakiwa na wa kumsikia. Niliibeba dharau hiyo kifuani kama mtu anayebeba jiwe na kulilisha.

Kisha tochi ikazima duarani.

Lilikuwa duara kubwa kuliko yote upande wetu. Kijana mmoja alikuwa anashuka zamu ya mchana, tochi ikafa, mguu ukakosa gogo, akaanguka na kuvunjika paja. Tochi yenyewe ilisagika huko chini, na hakuna aliyeweza kusema ilikuwa imepita kwa fundi gani, kwa sababu duara lile lilituletea kazi sisi wote wawili, yeyote aliyekuwa na nafasi. Tangu siku hiyo nilikonda. Nilijaribu kukumbuka kila tochi niliyowahi kuishika. Nilikuwa na hakika ni yake, na chini ya hakika hiyo nilikuwa na hofu kwamba ni yangu.

Mwenye duara, bosi mmoja Mkurya mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, alituita wote wawili. Alisema kuanzia sasa tochi zote za duara lake zitashikwa na fundi mmoja, atakayejibu kwa jina lake. Hakusema ni nani. Alisema kwanza twende naye Kisaka, Serengeti, kwenye kisima cha wenye biashara, halafu ndipo atakapoamua. Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa maana yake. Duara lile peke yake lilikuwa na watu wengi kuliko mashimo yote yaliyolizunguka. Atakayezikosa tochi zile angefunga kibanda na kuhama.

Kisima hicho nilikuwa nimekisikia tangu utoto, kwa mbali, kama unavyosikia habari za hospitali ambayo hujawahi kulazwa. Wenye maduka wa Bomani, Tarime mjini, walikwenda, wanunuzi wa ng'ombe walikwenda, na dhahabu ilipoanza kusikika, wenye maduara wakaanza kwenda. Ilisemekana ni mahali pa mababu wa Wangoreme, pa kale sana, pa tangu enzi za wahunzi wa majembe. Ilisemekana ukiombewa pale biashara inasimama. Hayo tu. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya sauti ya tatu, na nilikesha nikijiuliza kama kwenda ni dhambi. Mwishowe nikajiambia nitakwenda kama mtazamaji, ila maombi nitakayoyatoa yatakuwa yangu, mazuri, yasiyo na kosa. Nikayatunga. Nikayafuta. Nikayatunga upya hadi yakawa hayana neno la kuongeza wala la kupunguza, na yote yalikuwa yananihusu mimi.

Tuliondoka asubuhi na pikapu ya bosi, yeye akiendesha, yule fundi katikati, mimi dirishani nimeinua mikono kidogo ili shati lisijikunje. Tulivuka Mto Mara maji yakiwa mengi na mekundu. Njiani bosi alisimama kwenye kibanda cha uji. Msichana alimletea fundi kikombe akitokea ubavuni, akakinyoosha, akangoja. Fundi alikuwa anaongea na bosi kana kwamba mkono ule haupo. Msichana akafyonya, ndipo fundi akashtuka na kukipokea kwa maneno matamu ya kuomba radhi. Nikasema moyoni, ona, hata watoto wa watu anawafanyia majivuno.

Kisaka tuliacha gari kwenye mji, yaani nyumbani, kwa mama mmoja na kutembea kupanda kilima. Kwenye uchochoro kulikuwa na ndama amefungwa kamba iliyovuka njia. Bosi aliikwepa, mimi niliikwepa, fundi aliivaa kwa miguu yote miwili akaenda chini magotini.

"Fundi, umeamkia gongo?" bosi akamwuliza.

"Mimi sinywi, bosi, unajua."

"Basi ndama ndiye aliyekunywa."

Fundi akacheka zaidi yetu, akajipangusa magoti, akaendelea. Mimi niliona tu kwamba suruali yake ina vumbi na yangu haina.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo ya kutisha. Nilitegemea mifupa, ngozi, moshi, mzee mwenye macho mekundu. Nilichokuta ni boma la mawe la kale, kuta zimebomoka hadi usawa wa goti, na ndani yake jabali moja bapa linalotoa maji kwa chini, maji machache, masafi. Juu ya jabali kuna kishimo kilicholainishwa na mikono ya watu hadi kinang'aa kama ndani ya bakuli. Jabali lote lililobaki lilikuwa limeanikwa karanga. Mwanamke mwenye umri kama wa mama yangu mdogo alikuwa anazigeuza kwa mguu. Tulimwamkia. Akaitikia bila kuacha kugeuza, kisha akatuangalia mavazi, mimi nikiwa wa mwisho.

"Huyu amekuja kuoa?"

Bosi akamweleza kwa lugha ya Wangoreme, ambayo Mkurya anashika nusu yake na zaidi. Hawa wawili ni mafundi wa tochi. Yeye bosi ni mteja wao. Mama yule akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hesabu imetimia, akasogeza karanga upande mmoja, akaleta kibuyu cha maziwa mabichi. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili ili nisikose kitu, kama naijua desturi ya pale. Nikasema naijua kidogo. Sikuijua hata kidogo, ila sipendi kuonekana sijui.

Akanieleza hivyo hivyo. Pale hakuna mtu anayejiombea. Kujiombea ni kazi ya nyumbani kwako. Pale wanakuja watu wawili wa kazi moja, wanaogombea riziki moja, na kila mmoja anamwombea mwenzake kwa sauti, mbele ya mteja wao wote wawili, ambaye ndiye shahidi. Ukimaliza unapiga funda la maziwa na kumpulizia mwenzako kifuani. Ndivyo walivyofanya wahunzi wawili wa zamani, waliokuwa karibu kuuana kwa nyundo kwa sababu ya majembe ya kijiji kimoja. Kuna sharti moja tu. Hapadanganywi. Ombi la uongo halipokelewi, linarudishwa mdomoni kwa mwenyewe hadi aseme lingine.

Nilimtazama bosi nikidhani atacheka na kusema ni utani. Alikuwa ameshavua kofia. Nilimtazama fundi, naye hakuwa na mshangao wowote. Mtu aliyezaliwa Mugumu aliijua desturi hii tangu utoto. Mimi peke yangu nilikuwa nimesafiri hadi pale na maombi yasiyo na mahali pa kutua. Na zaidi ya hapo, kilichonitikisa hasa, riziki yangu yote ilikuwa imewekwa kwenye mdomo wa mtu niliyemchukia.

Mama akamwambia fundi aanze kwa kuwa ni mkubwa. Akavua viatu, akaweka kiganja kwenye kile kishimo cha jabali. Nilitegemea atasema maneno ya juu juu ya kuniondoa njiani. Alisema hivi, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari habari za mgonjwa:

"Huyu ni kijana wa kibanda cha pili. Kazi anaijua, ila hajui kwamba anaijua. Usiku namsikia kupitia mbao, anafungua tochi alizokwisha kuzifunga, anajitukana. Tangu yule kijana avunjike, analia. Mpe usingizi. Mpe na mtu wa kula naye, maana anakula amesimama."

Sijui namna ya kueleza aibu ile. Ni kama mtu amefungua mlango ukiwa unaoga, na mlango wenyewe ulikuwa wazi miaka yote, na wewe peke yako ndiye uliyedhani umefungwa. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kwamba nalia. Mama yangu hajui. Bosi alikuwa anatazama chini.

"Na kazi waliyokuja nayo?" mama akauliza.

Fundi akakaza kiganja kwenye kishimo. "Kazi naitaka mimi. Sitadanganya hapa. Lakini ukimpa yeye, isimuue."

Mama akaguna kwamba imepokelewa. Fundi akapiga funda la maziwa na kunipulizia, na maziwa ya baridi yakapenya shati lile hadi kwenye ngozi. Nikawa nimesimama nachuruzika, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikukumbuka shati.

Ikawa zamu yangu.

Nitaandika ukweli wote kwa sababu nikianza kuupunguza sitajua pa kuachia. Nilifanya kile ninachokijua. Nilichukua maombi yangu niliyoyakariri, nikaondoa mimi nikaweka yeye, nikayasema yote kwa sauti nzuri ya kwaya, kuhusu milango ya riziki na kazi ya mikono kubarikiwa. Yalitoka bila kujikwaa hata mara moja.

"Hayo umekuja nayo kwenye gari," mama akasema. "Rudia."

Nikasema, "Apate wateja wengi."

"Unataka apate?"

Upepo ulikuwa unapita kwenye maganda ya karanga. Nilitafuta jibu la heshima nikakuta midomo imeshatoa lile lingine.

"Hapana."

Bosi akakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Yule fundi hakukasirika, alikaa tu ametazama mbele. Mama naye alionekana kama aliyepata mwanzo wa uzi.

"Vizuri. Sasa tafuta kitu unachotaka akipate. Tutakungoja. Karanga zangu haziendi popote."

Nikatafuta. Nilijaribu kumwombea afya, nikaona sijali. Nilijaribu kumwombea watoto wake, nikatambua sijui kama anao. Nilikuwa nimeishi ubao mmoja na mtu huyu, nikimchunguza risasi yake na skrubu zake, na sikuwa na kitu hata kimoja cha kumtakia. Kugundua hivyo kulinitisha kuliko mizimu yoyote ambayo ningeweza kuikuta pale. Jasho lilinitoka likachanganyika na maziwa.

Mama, labda kwa kuona tutachelewa, akachukua kibuyu amsogezee fundi alowanishe mdomo wakati wananingoja. Alitokea ubavuni mwake. Akakinyoosha hadi karibu na bega. Fundi hakukiona. Kibuyu kilikuwa pale, kikubwa, cheupe kwa povu la maziwa mdomoni, karibu kiasi kwamba kivuli chake kilikuwa kwenye mkono wa fundi, na yeye alikuwa anatazama mbele kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna anayemnyooshea kitu.

Ndipo yote yakaniangukia kwa pamoja. Kikombe cha uji. Kamba ya ndama. Risasi inayodondoka pembeni ya mahali pake. Skrubu iliyoachwa kwa sababu ilibingirika kando ya meza. Na shikamoo zangu, zote zile za asubuhi, nilizozitoa kutoka ubavuni katika kelele za mashine za kusaga mawe. Mtu niliyemchukia kwa majivuno hakuwahi kuniona nikipita. Nilishtuka hadi nikasahau niko wapi na mbele ya nani, na ombi likatoka lenyewe, halijapangwa, kwa sauti iliyopasuka katikati.

"Mpe macho. Haoni pembeni. Jamani, mpe macho."

Mama hakusema rudia.

Ukimya uliofuata niliuelewa taratibu, kama mtu anayeamka. Fundi alikuwa amefumba macho. Bosi alikuwa amenyanyua kichwa. Na mimi nikakumbuka shahidi ni nani.

"Fundi," bosi akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ni kweli?"

Nilitaka adanganye. Nawaapia nilitaka adanganye kuliko nilivyowahi kutaka duara lile. Aseme kijana huyu amechanganyikiwa na jua. Kila mtu angekubali, tungecheka, tungeshuka kilima. Lakini kiganja chake kilikuwa kimerudi kwenye kile kishimo cha jabali, sijui kama alijua.

"Kweli, bosi. Naona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari alisema ni presha ya macho. Lililopotea halirudi."

"Na ile tochi ya kijana aliyevunjika?"

"Sijui. Yaweza kuwa yangu, yaweza kuwa yake. Ningejua ningekuambia hapa hapa."

Mama akanipa kibuyu. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama unga, funda nililolichukua halikupulizika, lilinimwagikia kidevuni, na matone machache tu ndiyo yaliyomfikia kifuani. Akasema yanatosha, ombi limepokelewa. Kisha akaanza kuzirudisha karanga zake mahali pake.

Tulishuka. Kwenye kamba ya ndama nilimshika fundi mkono kabla hajafika, naye akaniachia nimshike, kitu ambacho asubuhi kisingewezekana kwa sababu nisingejua na yeye asingetaka. Garini tulikaa kama mwanzo, yeye katikati. Tulipovuka daraja, bosi akasema bila kugeuka kwamba kesho nipite kwake nichukue tochi zote. Nikasema ndiyo bosi. Nilisema kabla hajamaliza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na nafasi, hata ndogo, kati ya maneno yake na jibu langu, na haikuwepo. Bega la yule fundi lilikuwa limegusana na langu, kwa hiyo najua kwamba hakushtuka.

Tulipofika machimboni bosi akaenda zake. Tulibaki tumesimama mbele ya vibanda, mimi na shati langu lililokauka likawa gumu kwa maziwa na kuanza kunuka. Nikamwambia sikukusudia. Nikamwambia lilinitoka tu, sikumkumbuka bosi, na kama kuna namna ya kulirudisha niko tayari kurudi Kisaka kwa miguu.

"Najua hukukusudia," akasema. "Ungekusudia, yule mama angekurudishia." Kisha akacheka, kicheko chake kile cha kila siku. "Umeniombea kwa nguvu, mdogo wangu. Mimi nilikuombea usingizi tu."

Nikamwuliza kwa nini alikubali kwenda, naye aliijua desturi na alijua shahidi atakuwa nani.

"Nilijua utakosa la kuniombea. Sikujua kwamba huwa unanitazama."

Kweli nilikuwa namtazama siku zote, kwa nia ya kutafuta makosa, na ndiyo maana niliyaona. Neno lile nililolisema jabalini lilikuwa la kweli. Nilitaka apate macho. Lakini kuna swali ambalo mama wa Kisaka hakuniuliza, nalo ni hili: kama bosi asingekuwa shahidi, je, lingenitoka kwa sauti kubwa vile? Nimeligeuza swali hilo kama ninavyogeuza tochi, nimelifungua na kulifunga. Kuna siku nasema ndiyo, lingetoka vile vile. Kuna siku sisemi kitu.

Watu machimboni walisikia habari kwa namna yao. Walisema kisima kinafanya kazi, ona kijana alivyopata duara zima kwa safari moja. Walinipongeza. Mmoja aliniuliza nilitoa nini, mbuzi au ng'ombe, na nilipomwambia sikutoa kitu akakonyeza jicho, akiamini naficha. Kwa upande wake fundi alianza kuwaambia wateja wenyewe kwa sauti, mpelekeeni kijana, mimi sioni vizuri. Hakulisema kwa huzuni wala kwa kunichoma. Wengine hawakuamini, wakaendelea kumpelekea kwa sababu ya utani wake, naye akawa anawarudisha mlangoni kwangu kwa kuwasukuma mgongoni. Kisha akauza vyombo vyake. Binti yake, kumbe alikuwa na binti, alikuwa na duka la vitenge Bomani, na alimwambia aje akae naye.

Tochi za duara niliziandaa kwa namna ambayo siwezi kujisifu wala kujilaumu. Nilizifungua zote, nikazifunga, nikazifungua. Siku ya kwanza zilipotumika nilikwenda mwenyewe mdomoni mwa shimo, jua likiwa linazama, zamu ya jioni ikijiandaa kushuka. Wachimbaji walinitania kwamba nimekuja kama mkunga. Walifunga mipira kichwani, wakaanza kuwasha, mmoja mmoja, na kila iliyowaka niliihesabu kwa kidole, nikangoja inayofuata.

Yule fundi alikuja amebeba begi lake la safari. Gari la Tarime lilikuwa linamngoja barabarani, akasema amepita kuaga. Kwenye mwanga ule wa jioni alikuwa anatembea kwa kupapasa ardhi kwa ncha ya kiatu, na alisimama karibu yangu akitazama mbele kwa makini.

"Zinawaka?" akauliza.

"Zinawaka."

"Zote?"

"Zote, kaka mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, uso wake umeelekea kwenye mashine ya kusaga mawe iliyokuwa imezimwa, ambako hapakuwa na mtu wala mwanga. Watu walikuwa upande wa kushoto kwake, wanaanza kushuka. Nilifikiri nimwache. Kisha nikamshika mabega, nikamgeuza polepole hadi nilipoona uso wake umenyooka na mdomo wa shimo, kama unavyotafuta stesheni kwenye redio, kidogo huku, kidogo kule.

"Ah," akasema. "Ngoja. Usinisogeze."

Sikumsogeza.

"Naona moja."

Nilimshikilia hapo hapo hadi ikazama.